Zahidi Mgumi Baada ya Shela

Maji yakikupwa Shela, mchanga hubaki wazi na mashua hulala ubavu zikingoja maji yajae. Hapo, kisiwani Lamu, yapata mwaka 1812, Waamu, yaani watu wa Lamu, waliwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa. Masimulizi ya mji yanasema wavamizi walipokimbilia majahazi yao waliyakuta yamekwama mchangani. Kwa miaka mingi baadaye upepo ulikuwa ukifukua mifupa kwenye vilima vya mchanga.

Kiongozi anayetajwa kwanza upande wa Amu ni Bwana Zahidi Mgumi. Wanahistoria wamemweka kwenye sura ya vita, wahakiki wakamweka kwenye sura ya mashairi. Toleo hili linamsoma kama mtu mmoja.

Zama zake siasa za pwani zilipigwa kwa beti. Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji. Amu ilikuwa na Zahidi. Kitisho kilitungwa kwa vina na mizani, na asiyeweza kujibu alionekana kasalimu amri.

Lakini kazi ngumu zaidi ilikuwa nyumbani. Amu ilikuwa na makundi mawili, Zena na Suudi, yakishindania uongozi. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis aliyewatumikia watawala wa Maghribi kabla ya kuandika Muqaddima mwaka 1377, alishikilia kwamba dola husimama kwa asabia, yaani mshikamano wa watu wake. Shela, ambako makundi hayo yalisimama pamoja, ni ushahidi wa hoja hiyo.

Kisha likaja la kisasi. Wakihofia Mombasa kurudi, Waamu waliomba ulinzi wa Sayyid Said wa Omani. Akaleta liwali na askari, na ngome ikakamilika 1821. Mombasa nayo ikaangukia mikononi mwake mwaka 1837. Amu ilisalimika, ila kauli ya Yumbe, baraza la wazee, ikaanza kupungua. Ngome yenyewe baadaye ikageuzwa gereza, hadi 1984.

Je, Zahidi na wenzake waliuza mji? Sisi tunasema la. Walikuwa na maadui wawili wenye majahazi na mizinga, na kisiwa kidogo cha kukilinda. Kosa, kama lilikuwapo, ni la masharti: ulinzi uliombwa kabla ya mipaka yake kuwekwa.

Swali hilo la masharti limerudi kisiwani. Gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa 2021, na wavuvi walishakwenda mahakamani kudai haki ya bahari yao. Ndiyo maana toleo hili linaanza na beti za Zahidi, kisha linawapa wavuvi wa leo nafasi ya kusema masharti yao.