Mfinyanzi Hulia Gaeni, Nasi Je?

Mwanafunzi wa Kiswahili huitaja methali "Mfinyanzi hulia gaeni" bila kusita. Mwulize maana ya "hulia", na yamkini atakujibu kwamba mfinyanzi anatokwa na machozi. Mofolojia peke yake haimwokoi, kwani "lia" ya kilio na "lia" iliyotokana na "la" hufanana umbo. Kinachomwokoa ni kumjua mfinyanzi mwenyewe: huyu hula katika kigae cha chungu kilichovunjika, ilhali vyungu vizima vimekwenda sokoni.

Tunafundisha methali za ufinyanzi na udongo wenyewe hatujaushika. Chukua "Udongo uwahi ungali maji". Huielezea upesi kuwa ni wito wa kumfunza mtoto mapema, kisha tukapita. Udongo wa mfinyanzi ni chembe ndogo mno, chini ya milimita 0.002, zilizotokana na kuoza kwa miamba na kutuama mabondeni na kingoni mwa mito. Maji huziwezesha kuteleza huku zikishikana, ndipo udongo ukafinyangika. Ukikauka juani, waweza kuuloweka ukarudi kuwa tope. Ukishapita moto wa nyuzi 600 hivi, haurudi tena. Mipaka basi ni miwili, jua na moto, na wa kwanza una toba. Ni darasa gani la fasihi simulizi limewahi kulijadili hili?

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya wanajiografia na wanaakiolojia. Sikubaliani nao. Vigae vya Shanga, kisiwani Pate, vilivyochimbuliwa na Mark Horton na wenzake katika miaka ya 1980, ni miongoni mwa ushahidi uliodhoofisha dai kwamba miji ya Waswahili iliasisiwa na wageni. Iwapo kigae kimeitetea historia yetu, hatuna budi kuyajua majina yake.

Idara zetu ziwatume wanafunzi kwenye mashimo ya udongo, pwani na hata Nyanza, ambako wanawake wa Kijaluo wangali wanafinyanga, wakakusanye istilahi na visawe vyake. Mchanga au vigae vilivyotwangwa, vinavyochanganywa na udongo ili chungu kisipasuke motoni, vinaitwaje? Sufuria na ndoo za plastiki zimekwisha kuwapunguzia mafundi hawa wateja, na fundi akiacha kazi huondoka na msamiati wake. Mimi mwenyewe neno "joko" nililikuta kamusini. Joko lenyewe bado sijaliona.