MLOLONGO ULIOSALIA DARASANI



Mwaka 1988 Wakenya walipangwa foleni nyuma ya mawakala wa wagombea, wakahesabiwa mchana kweupe mbele ya chifu na mwajiri. Katika mchujo huo wa KANU, aliyetangazwa kupata asilimia 70 au zaidi alipita bila kupingwa, na mara nyingi foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu. Dhuluma hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizowasha moto wa mageuzi. Desemba 1991 Bunge lilifuta kifungu cha 2A cha Katiba, na tarehe 29 Desemba 1992 tukapiga kura ya siri chini ya vyama vingi. Tulidhani mlolongo umezikwa.

Haukuzikwa. Ulihamia darasani.

Tazameni ubao wa matangazo wa shule nyingi za sekondari baada ya mtihani. Majina yamepangwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Walio mbele hutengewa mkondo wao na mwalimu hodari. Walio nyuma hupewa muhtasari wa kunakili na kuambiwa wavumilie. Tunaandika tukiwa Chepseon, kwenye barabara ya kutoka Kericho kwenda Nakuru. Hatutaji shule yoyote, kwa kuwa kosa hili si la shule moja. Ni fikra, na fikra hiyo ni ya chama kimoja: wachache wafikiri, wengi wafuate.

Tangu 2018 serikali iliagiza kwamba kila mtoto aliyemaliza darasa la nane ajiunge na kidato cha kwanza, na ikapanga ruzuku ya shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Agizo lilikuwa jema. Shule za kutwa zikawapokea kwenye benchi moja mtoto aliyepata alama 350 kwa 500 na mwenzake asiyefika 150. Walimu na madawati havikuongezeka kwa kiasi hicho, na lawama ya walimu kuhusu hilo ni ya haki. Lakini wapo waliokwenda mbali zaidi wakasema kwamba mchanganyiko huo haufundishiki. Hapo ndipo tunapotofautiana nao, hasa katika somo la Historia na Serikali.

Somo hili ndilo linalomweleza mtoto maana ya Katiba, Bunge, mahakama na kura. Siku ya uchaguzi, mwenye alama 350 na mwenye 150 watapewa karatasi moja ya kura, yenye uzito mmoja. Kama sanduku la kura haliwatenganishi, kwa mantiki gani tuwatenganishe tunapowafundisha kulitumia? Darasa la wanafunzi wa viwango mbalimbali ndiyo Kenya yenyewe iliyoketi ndani ya kuta nne. Mwalimu anayelikimbia analikimbia taifa lake.

Tukubali pia kwamba somo lenyewe limeharibiwa. "Taja sababu tano." "Eleza matokeo sita." Mwanafunzi hukariri hoja kama zilivyo katika mwongozo wa kusahihisha, akazitapika siku ya mtihani, akazisahau kabla ya kufika nyumbani. Mwenye kumbukumbu nzuri huitwa hodari, na asiyekariri huitwa mzito. Hakuna kati yao aliyeulizwa anafikiri nini. Elimu ya namna hii ilifaa enzi ambapo wanafunzi walisimama gwarideni kuapa utiifu kwa Rais. Haiifai nchi ambayo Ibara ya kwanza ya Katiba yake ya 2010 inasema mamlaka yote ni ya wananchi.

Aidha, tuulize huyo mzito ni nani. Mara nyingi ni mtoto wa kibarua au wa mkulima mwenye mashina machache ya chai, anayezungumza Kipsigis nyumbani na Kiswahili sokoni, kisha akatahiniwa historia ya nchi yake kwa Kiingereza. Anajua kusoma risiti ya majani na kumkosoa karani wa mizani. Anajua jinsi wakurugenzi wa kiwanda wanavyochaguliwa na wakulima, na nani aliahidi bonasi asiilete. Siasa anaijua. Asichokijua ni lugha ya karatasi ya mtihani, nasi tumeuita upungufu huo ujinga.

Yako mafunzo matatu mlangoni petu, na kila mtoto anayaweza.

La kwanza ni ardhi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuwahamisha Wataalai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi kando ya Ziwa Victoria. Ardhi ya Wakipsigis ilichukuliwa ikawa mashamba ya majani chai ya kampuni za kigeni. Mwaka 2022 wawakilishi wa waathiriwa waliipeleka Uingereza mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Msomaji hodari na aichambue sheria hiyo. Asiyesoma kwa wepesi na amwendee nyanya yake na kuandika alichosikia. Kisha waketi pamoja wapime: sheria inasema nini, na mzee anasema nini?

La pili ni kazi. Silabasi inafundisha Mapinduzi ya Viwanda, nayo historia yake inawakumbuka mafundi wa kufuma waliovunja mashine huko Nottingham mwaka 1811. Mei 2023 mashine za kuchuma majani chai zilichomwa moto katika mashamba ya Kericho, na mtu akapoteza maisha. Swali ni moja kwa darasa zima: mashine ina faida kwa nani, na hasara kwa nani? Atakayepiga hesabu ya ujira apige. Atakayeandika insha aandike. Mtoto ambaye mama yake alipoteza kibarua ndiye atakayekuwa mwalimu wa kipindi hicho, hata kama jina lake ni la mwisho ubaoni.

La tatu ndilo zito. Mapigano yaliyoanzia Meteitei Oktoba 1991 yalisambaa hadi Kericho, na baada ya uchaguzi wa 2007 Londiani na Kipkelion, jirani zetu, ziliteketea tena. Ripoti ya Tume ya Akiwumi, iliyotolewa hadharani 2002, iliwalaumu wanasiasa na maafisa wa utawala. Ni watoto wangapi wa Chepseon waliowahi kusomewa ukurasa mmoja wa ripoti hiyo? Mwalimu akinyamaza, mtoto hafundishwi kusahau. Hufundishwa na uvumi wa jikoni na wa kilabuni, kila jamii na uvumi wake. Watoto wa jamii hizo wanaketi katika darasa moja. Tukikosa kuwazoesha kubishana kwa ushahidi, mwanasiasa atawazoesha kubishana kwa mishale.

Wapinzani wetu watasema kwamba hodari atacheleweshwa. Hatukubali. Anayelazimika kumweleza mwenziwe chanzo cha vita vya Nandi hukielewa kuliko aliyekikariri peke yake. Watasema kwamba siasa darasani ni hatari. Tumeeleza hatari iliyo kubwa zaidi. Watasema kwamba gredi ya wastani itashuka. Tunawajibu kwamba shule haikujengwa ili ipendeze kwenye jedwali la wilaya.

Sasa mtaala umebadilika, na sekondari pevu iliyoanza Januari 2026 imegawa wanafunzi katika njia tatu. Historia na Uraia ni somo la hiari, hasa kwa walio katika sayansi za jamii. Hata chini ya 8-4-4 mwanafunzi aliweza kuliacha somo hili baada ya kidato cha pili. Kwa hiyo kosa la kale limevalishwa nguo mpya: uraia umefanywa chaguo, kana kwamba fundi na daktari hawatapiga kura.

Tunadai yafuatayo:

Kwanza, elimu ya uraia na Katiba iwe ya lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari, awe katika njia yoyote.

Pili, mikondo ya alama ivunjwe, na orodha za aibu ziondolewe ubaoni.

Tatu, mwanafunzi aruhusiwe kujadili na kutahiniwa historia kwa Kiswahili akipenda. Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza.

Nne, walimu waajiriwe wa kutosha. Kumtaka mwalimu mmoja awasikilize watoto 60 kwa dakika 40 ni kumkejeli.

Wazazi, msiyasubiri haya kutoka Nairobi. Mkutano ujao wa wazazi ukiitishwa, simameni muulize: mtoto wangu yuko mkondo gani, na nani aliamua? Kizazi kilichokataa kusimama foleni mwaka 1988 hakina haki ya kuwapanga watoto wake foleni leo.

Mageuzi hayajakamilika hadi yaingie darasani.