Lumbesa: Gunia Si Mizani

Mfanyabiashara anayefika Nangurukuru, pale njia panda ya Kilwa Masoko, huuliza bei ya gunia. Haulizi lina kilo ngapi. Hapo ndipo mkulima anapoanza kupunjwa.

Kwa mujibu wa kanuni za vipimo za Tanzania, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umepiga vita lumbesa kwa miaka mingi, lakini gunia lililovikwa kilemba na kufumwa kwa kamba bado linapakiwa. Bei hutajwa kwa gunia, kilemba hakilipwi.

Debe nalo lina mambo yake. Debe la bati la mafuta ya taa lilikuwa la galoni 4, yaani lita 18 na ushei. Ndoo ya plastiki iliyorithi jina hilo huchukua lita 20. Kwa bei ya "debe" lile lile mkulima anatoa karibu sehemu moja ya kumi zaidi, na hapo mnunuzi hajaanza kulitikisa.

Kenya, kwa kanuni za mwaka 2019, iliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko wa viazi. Ulaya ilikwenda upande mwingine: kuanzia Aprili 2009 Umoja wa Ulaya uliondoa ukubwa wa lazima wa pakiti kwa bidhaa karibu zote, isipokuwa mvinyo na pombe kali. Wapo watakaouchukua mfano huo kudai kuwa katika soko huria serikali isijiingize katika vifungashio. Hoja hiyo haisimami. Katika duka la Ulaya pakiti imeandikwa uzito, na bei ya kilo imebandikwa rafuni. Gunia la mahindi halina maandishi. Lenyewe ndilo kipimo. Anayeamua ukubwa wake ameamua bei.

Hata hivyo, kilo 50 pekee hazitoshi, maana mfuko mdogo nao huvikwa kilemba. Ufuta unaopitia stakabadhi ghalani hupimwa chama cha msingi na kunadiwa kwa kilo, na huko kilemba hakina faida kwa mtu. Wanaokwepa mizani ndio wanaokimbilia kangomba.

Mahindi na muhogo vinastahili mizani hiyo hiyo, iliyokaguliwa, penye kizuizi cha ushuru. Halmashauri yoyote inayotoza ushuru kwa kuhesabu magunia nayo inapunjwa kila lori la lumbesa linapopita.