Marekani: Mtoto wa mkimbizi asiyejua Kiingereza si mjinga

Familia za Congo zilizotoka kambi za Nyarugusu, Nakivale na kwingineko na kupelekwa Marekani zinaifahamu karatasi hii. Mtoto wa miaka 13 anarudi kutoka shule na orodha ya maneno ya Kiingereza. Anatakiwa kukariri maana yake na namna ya kuyaandika, kisha afanye mtihani.

Moja ya hadithi zinazotolewa orodha za namna hiyo ni "Flowers for Algernon" ya Mmarekani Daniel Keyes, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1959 na ambayo bado inasomwa katika shule nyingi huko. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi kuhusu akili. Charlie Gordon, mtu wa miaka 37, anafanya usafi kiwandani na jioni anajifunza kusoma. Madaktari wanampasua ili akili yake iongezeke mara tatu, kama walivyomfanyia panya aitwaye Algernon. Charlie anawapita hata madaktari wenyewe. Halafu panya anaanza kurudi nyuma, na Charlie anaelewa kwamba zamu yake inakuja.

Hadithi yote ni daftari la Charlie mwenyewe. Mwanzoni maneno yamejaa makosa. Anapofundishwa alama ya mkato, anaiweka kila mahali. Lakini msomaji haoni mjinga. Anaona mtu mwenye hamu ya kujua, anayedhani kwamba wanaomcheka kazini ni rafiki zake.

Basi ni aibu kuchukua hadithi kama hiyo, kuigeuza orodha ya maneno 20, na kumwita mtoto mzito wa akili kwa sababu amepata 4.

Kuna mwalimu atakayesema: asiyejua maneno hawezi kusoma. Ni kweli, na hakuna anayekataa maneno yafundishwe. Kinachokataliwa ni kuanza na orodha na kuishia kwenye orodha. Mtoto asimuliwe hadithi kwanza, hata kwa Kiswahili, ndipo apewe neno. Mtoto ambaye wazazi wake walikuwa na shamba Fizi, kisha wakapanga foleni ya unga kambini, hahitaji kufundishwa kurudi nyuma ni nini. Anahitaji tu kuambiwa Waingereza wanakuitaje. Mtoto huyo ana Kiswahili, ana Kibembe au Kinyamulenge, pengine na Kifaransa kidogo. Huyo si maskini wa maneno.

Hatari kubwa iko mbele. Jina la "mzito" likishamkaa, mtoto anaweza kupelekwa darasa la wenye ulemavu wa akili, na mzazi akatia saini karatasi asiyoielewa. Sheria ya Marekani hairuhusu hivyo. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya wanafunzi Wachina wa San Francisco, iliamua kwamba shule zina wajibu wa kuwasaidia watoto wasiojua Kiingereza. Sheria ya elimu ya wenye ulemavu nayo inataka mtoto apimwe kwa lugha yake pale inapowezekana, inakataza kumhesabu mlemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza, na inataka mzazi akubali kwa maandishi kabla ya kipimo cha kwanza.

Kwa hiyo ninyi mliobaki huku, ndugu zenu wakipiga simu wakilalamika kwamba mtoto "ameshindwa akili", msiwape pole tu. Waambieni waombe mkalimani. Waambieni wasitie saini kabla ya kuelewa. Waambieni jioni wamwulize mtoto hadithi inasema nini, naye awasimulie kwa Kiswahili. Wataisikia akili yake.

Na hapa nyumbani pia tujiangalie. Mtoto aliyekimbia vita na kuingia shule mpya akikosea Kifaransa mbele ya darasa, nani huanza kucheka?