Embe likikaa siku zaidi, faida ni ya nani?

Lori la maembe kutoka Soroti kwenda Kampala hupita Mbale, Iganga, kisha hapa Bugembe, na njia nzima tunda linaendelea kuiva. Anayepeleka Busia au Malaba anaijua hesabu hiyo. Akikwama siku mbili mpakani, bei huwa ya mnunuzi.

Ndiyo maana habari ya heksanali inatuhusu. Hiyo ni kemikali inayotolewa na mimea yenyewe, sehemu ya ile harufu ya majani mabichi yaliyofyekwa. Hupunguza nguvu ya kimeng'enya kinachobomoa utando wa seli za tunda. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, waliifanyia majaribio pamoja na wenzao wa India na Sri Lanka kuanzia 2012. Baadaye vyuo vikuu vya Nairobi na Sokoine, Morogoro, vikajiunga. Mwembe ulionyunyiziwa kabla ya mavuno uliweza kushikilia matunda hadi wiki tatu zaidi. Walijaribu pia vifungashio vya nano vinavyotoa mvuke huo kidogo kidogo sandukuni, malighafi mojawapo ikiwa nyuzi za mgomba. Migomba Mbale tunayo tele!

Kwa maoni yangu, siku za mtini zina thamani kuliko za sandukuni. Msimu wa Teso ukifika kila mtu huvuna kwa pamoja na bei huanguka, hivyo anayeweza kungoja ndiye hutaja bei. Siku za sandukuni ni za mwenye lori. Ndugu waliorudi na kupanda miembe walizingatie hilo.

Lakini embe linalongoja mtini humngoja pia nzi wa matunda, yule mgeni kutoka Asia aliyeonekana Kenya mwaka 2003 na kuenea hadi kwetu. Bila mitego, wiki tatu hizo ni karamu yake.

Tena kuna mpaka. Wafanyabiashara hawajasahau Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa 2018, hupunguza foleni, ila hakimlazimishi mkaguzi kukubali dawa asiyoitambua. Mchuuzi asipakie embe lililonyunyiziwa kabla ya kuona kibali kinachokubaliwa pande zote mbili, hata akiambiwa dawa yenyewe imetoka kwenye majani.