TUZILINDE NJIA ZA CHANGARAWE ZA DODOMA

Tangu Serikali ya Muungano ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, watu wengi wa Unguja na Pemba wameujua mji huo kuliko walivyoujua wazee wao. Wabunge wetu, watumishi wa wizara za Muungano na wafanyabiashara huenda na kurudi. Reli ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imeifanya safari hiyo kuwa ya saa chache tu. Hata hivyo, wengi wetu tunaijua Dodoma ya Bunge, ya Mtumba na ya nyumba za wageni. Dodoma ya vijijini hatuijui.

Leo tunapenda kuizungumzia Dodoma hiyo ya vijijini, na hasa njia zake.

Uwanda wa kati wa nchi yetu uko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hainyeshi, na njia za udongo na changarawe hukauka zikawa ngumu. Hupita katikati ya mashamba ya uwele na mtama, chini ya mibuyu, kando ya mizabibu, kutoka kijiji hadi kijiji. Mtu anaweza kwenda asubuhi nzima kwa baiskeli asikutane na gari, ila wachungaji na ng'ombe wao, watoto waendao skuli, na wananchi wenzake waliofunga madumu ya maji au gunia la nafaka nyuma ya baiskeli zao.

Huko Ulaya na Marekani njia zisizo na magari zimekuwa kitu cha kutafutwa. Serikali zimechukua reli zilizokufa na barabara za zamani, zikazigeuza kwa gharama kubwa kuwa njia za baiskeli. Watu huzifuata kutoka mbali, wakilala na kula katika vijiji ambavyo magari yalikuwa yamekwisha kuvisahau. Sisi tunazo njia hizo tayari. Linalotakiwa ni kutozipoteza kwa kutozijali.

Wala si njia tupu. Misafara iliyotoka Bagamoyo katika karne ya 19 ilipita Mpwapwa, ikaingia Ugogo, ikapanda Kilimatinde na kuelekea Tabora na Ujiji. Katika Ugogo maji yalikuwa machache, na watemi wa Kigogo waliyalinda. Kila msafara ulilazimika kutoa hongo ndipo uruhusiwe kunywa na kupita. Baadhi ya wapagazi wa misafara hiyo walitoka kwetu Unguja. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara waliopita huko. Na wako waliopitishwa njia hiyo kwa minyororo wakaletwa pwani na visiwani, hadi soko la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873. Historia ya Ugogo, kwa hiyo, ni historia yetu pia, ya fahari na ya majonzi.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu katika orodha ya awali ya mahali panapopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Mpwapwa na Kilimatinde zimo humo. Mwaka huo huo michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo mgeni huifikia kupitia kijiji cha Kolo, iliingizwa katika Urithi wa Dunia wenyewe. Ukiongeza Kongwa, palipoanzishwa mradi wa karanga wa Waingereza mwaka 1947 ukafa muda si mrefu, na ambapo baadaye wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika walipiga kambi. Ukiongeza na Chamwino, ambako Mwalimu Nyerere alifanya kazi pamoja na wanakijiji mwanzoni mwa miaka ya 1970. Utaona kwamba mkoa huu na jirani zake wana mengi ya kumwonyesha mtu asiye na haraka.

Neno hilo la haraka ndilo lenye uzito. Sisi wa Visiwani tunalielewa vizuri. Gari linalomchukua mgeni kutoka uwanja wa ndege hadi Nungwi hupita Mahonda, Kinyasini na Mkwajuni bila ya kusimama. Vijiji hivyo hupata vumbi na honi, na fedha ya mgeni huishia ufukweni. Mpanda baiskeli hana budi kusimama. Atanunua dafu, ataomba maji, atauliza njia, na jua likichwa atatafuta mahali pa kulala. Kwa njia hii mama muuza chai na fundi wa baiskeli hupata riziki ambayo basi la watalii haliwaletei. Kule Ugogo, ambako miiba ya migunga hutoboa matairi kila siku, fundi huyo hatakosa kazi.

Lakini tusidanganyane kwamba suala hili ni la wageni peke yao. Baiskeli ya kijijini ndilo lori la mkulima na gari la wagonjwa la jirani yake. Mwenye baiskeli anapoondolewa katika njia yake ya zamani na kulazimika kupita kwenye lami pamoja na malori ya masafa marefu, yeye ndiye asiye na bati la kumkinga. Njia iliyo salama kwa mgeni ni ile ile iliyo salama kwa mtoto wa skuli wa Mvumi au Bahi.

Dodoma inakua kwa kasi. Barabara ya mzunguko ya nje, yenye njia nne na urefu wa kilometa 112.3, imepangwa kuuzunguka mji. Viwanja vinapimwa kila upande. Hatuyapingi maendeleo hayo. Makao makuu hayajengwi kwa vichochoro. Hata hivyo, barabara kubwa inapokatiza nchi, hukata pia njia ndogo ambazo hazimo katika ramani ya mhandisi. Kiwanja kinapopimwa juu ya njia ya miguu, njia hiyo hufa siku hiyo hiyo, na hakuna atakayeirudisha.

Inafaa kukumbushana kwamba mpango wa kwanza wa Makao Makuu, uliotolewa mwaka 1976 chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ulitaka mwenda kwa miguu, mwenye baiskeli na basi la abiria vitangulizwe mbele ya gari la mtu binafsi. Mamlaka ile ilivunjwa mwaka 2017, lakini fikra ile haikuwa na kosa. Mji unaweza kubadili ramani yake bila ya kuitupa busara iliyokuwamo.

Wapo watakaosema kwamba wanakijiji wenyewe wanataka lami, na kwamba kusifu changarawe ni anasa ya watu wa mjini. Hoja hii ni ya haki na inastahili jibu. Kijiji kinahitaji barabara ya kupitisha mazao na kumfikisha mzazi hospitalini, hata wakati wa masika makorongo yanapofurika. Sisi hatusemi kijiji kinyimwe lami. Tunasema lami inapojengwa, njia ya zamani isifutwe, bali iachwe kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Na pasipo na njia ya zamani, ukingo wa barabara mpya uwe na nafasi yao. Gharama yake ni ndogo ikipangwa mapema, na ni kubwa ikikumbukwa baadaye.

Kwa hiyo tunazo rai chache kwa Serikali. Kwanza, halmashauri za wilaya pamoja na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, zizitambue na kuziandika njia hizi katika ramani kabla ya upimaji wa viwanja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imezipa halmashauri za vijiji usimamizi wa ardhi yao. Basi vijiji vishirikishwe tangu mwanzo. Pili, kila njia ya kijiji itakayokatwa na barabara kuu ipewe kivuko kilicho salama. Tatu, iteuliwe njia moja ya majaribio, kwa mfano kutoka Mpwapwa kupita Kongwa, Chamwino na Bahi hadi Kilimatinde, iwekewe vibao, visima na nyumba za kulala zinazoendeshwa na wanakijiji wenyewe. Nne, reli iwe na nafasi ya kupakia baiskeli, kwa bei ambayo mwananchi wa kawaida ataimudu.

Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba tuna neno moja. Baiskeli si kitu kigeni kwetu. Imewalea wengi wetu. Anayekwenda Dodoma kwa kazi ya Bunge au ya wizara, na atakayepata siku mbili za mapumziko, asizimalizie hotelini. Aazime baiskeli, achukue maji ya kutosha, apige hodi kwa mtendaji wa kijiji, na aitazame nchi ambayo wazee wetu waliivuka kwa miguu. Muungano haujengwi katika kumbi za mikutano peke yake. Unajengwa pia pale Mpemba anapokaribishwa ugali wa uwele na mlenda katika nyumba ya Mgogo.

Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, misafara ilikwisha na vijiji vingi vya njiani vikasahauliwa. Safari hii tunao uwezo wa kuamua mapema. Wizara zinazohusika zipo Dodoma kwenyewe, na njia tunazozitetea zinaanzia nyuma ya ofisi zao. Zitazamwe leo, kabla ya kiwanja kingine kupimwa.