Unga Uliisha, Picha Bado Iko



Leo sina ujumbe wa kupigiwa makofi. Nina jambo lililonikaa moyoni tangu ile mvua kubwa ya mwaka 2024, na nimeahirisha kuliandika kwa sababu mwenye makosa ndani yake ni mimi.

Mnaikumbuka mvua ile. Mwezi wa Aprili maji yaliingia Mathare. Yaliingia Mai Mahiu usiku, watu wakiwa wamelala, yakazoa nyumba na waliokuwa ndani. Hata huku kwetu, ambako hakuna mwandishi wa habari aliyefika, mto ulivunja kingo na familia nyingi zikalala darasani. Kanisa likachanga. Hapo tulifanya vizuri na sioni haya kusema. Akina mama walileta blanketi walizokuwa wakijifunika wenyewe. Vijana wa bodaboda walibeba unga, maharagwe na mafuta ya kupikia bila kudai hata pesa ya petroli.

Kisha tukaharibu. Tulichapisha bango lenye jina la kanisa, picha yangu na ya mama mchungaji. Tukawapanga watu foleni uwanjani, mimi nikiwa na kipaza sauti. Kila aliyepokea alisimama mbele ya bango kwanza, pakiti ya unga mkononi, akapigwa picha, ndipo akaruhusiwa kuondoka. Mama mmoja aliinamisha kichwa. Nilimwambia kwa sauti, watu wakisikia, "Mama, inua uso, tabasamu kidogo, Mungu amekukumbuka!" Watu wakacheka. Akatabasamu. Picha yake ndiyo tuliyoiweka juu kabisa kwenye ukurasa wa kanisa, ikapata vidole gumba zaidi ya mia tatu na "Amina" nyingi, hata kutoka kwa watu walioko Marekani.

Wiki mbili baadaye nilienda kumtembelea. Alinikaribisha vizuri, akanipikia chai ya rangi, akaomba radhi kwamba hana maziwa. Nikamuuliza kwa nini hajaonekana ibadani. Akakaa kimya, kisha akaniambia, "Mchungaji, ule unga tuliumaliza kwa siku tatu. Picha bado iko."

Mwanawe alikuwa Kidato cha Pili. Wenzake waliiona ile picha kwenye simu, na tangu siku hiyo jina lake shuleni likawa Unga.

Nilifuta picha nikiwa palepale kwake, chai mkononi. Lakini ninyi mnajua intaneti ilivyo. Wengine walikuwa wameshaihifadhi na kuisambaza katika makundi ya WhatsApp. Niliomba msamaha, naye akanisamehe, nadhani kwa moyo wote. Siku hizi anaabudu kanisa lingine. Simlaumu.

Sasa nataka niseme ninachoamini, na najua watumishi wenzangu wengine hawatafurahi. Siku ile sisi hatukumtumikia yule mama. Yule mama ndiye aliyetutumikia sisi. Tulimpa pakiti moja ya unga, yeye akatupa uso wake, jina lake katika kijiji na amani ya mwanawe, tukavitumia kujionyesha kuwa kanisa lenye upendo. Ukipiga hesabu kwa haki, yeye ndiye aliyetoa sadaka kubwa zaidi uwanjani pale.

Kuna mtu tayari anaandika kwamba Yesu mwenyewe katika Mathayo 5 alisema nuru yetu iangaze mbele ya watu. Ni kweli, na ni agizo. Lakini endelea kusoma, usifunge Biblia. Ukurasa mmoja tu mbele, mwanzo wa sura ya 6, Bwana yuleyule katika mahubiri yaleyale anawaonya wanaopiga baragumu wakitoa sadaka. Maneno haya mawili hayapingani. La kwanza linaishia kwa watu kumsifu Baba wa mbinguni. La pili linaishia kwa watu kumsifu mtoaji. Kwa hiyo pima mwenyewe: watu wakiona picha uliyoweka, wanasema "Mungu ni mwema" au wanasema "Mchungaji huyu ana moyo"? Chini ya picha yangu niliyasoma yote mia tatu na zaidi. Walikuwa wananisifu mimi.

Mwingine atasema, "Lakini waliochanga wanataka kuona pesa zao zimefanya nini." Swali hili ni la haki na halistahili jibu la kiroho-kiroho. Pesa za watu lazima zihesabiwe. Paulo alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya waamini wa Yerusalemu hakukubali kuubeba peke yake. Soma 2 Wakorintho 8, utaona ndugu waliochaguliwa na makanisa wasafiri nao, ili mtu asije akamlaumu kuhusu fedha ile. Huo ndio uwazi. Kwa hiyo toa risiti. Piga picha ya magunia dukani. Weka kamati ya watu watatu wasiokuogopa, wasome hesabu mbele ya kanisa kila shilingi ilikoenda. Uso wa mjane si risiti.

Naomba mnivumilie kwa neno dogo la lugha. Mtumishi ni mtu anayetumwa. Tazama tulichofanya na neno hilo! Leo ukisikia "Mtumishi amefika," ujue kuna mtu anafunguliwa mlango wa gari, mwingine amembebea Biblia, wa tatu anakimbia na chupa ya maji. Na "huduma" je? Kijana akikuambia "Mchungaji, Mungu amenipa huduma," mara nyingi hamaanishi kwamba amepata mgonjwa wa kumwogesha. Anamaanisha ana jina, ana bango, na anatafuta ukumbi wa kukodi. Sisi wazee ndio tuliowafundisha.

Na sisi Wapentekoste, watu wa Roho Mtakatifu, tuna deni la pekee hapa. Fungua Matendo 6. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahaulika chakula kilipogawiwa kila siku. Manung'uniko yakatokea ndani ya kanisa la mitume wenyewe, kanisa la Pentekoste halisi. Wakachaguliwa watu saba. Sifa walizotakiwa kuwa nazo ni zipi? Wawe na ushuhuda mzuri, wamejaa Roho na hekima. Kwa kazi gani? Kugawa chakula! Sisi tunamtafuta aliyejaa Roho tumpe kipaza sauti, na sufuria tunamwachia yeyote aliyepatikana. Mitume waliona kwamba kumgawia mjane mwenye njaa bila upendeleo na bila kumwaibisha ni kazi inayohitaji Roho Mtakatifu. Kama ningekuwa nimejaa siku ile uwanjani, nisingemwambia yule mama atabasamu.

Sitawahi kusahau somo nililopata kwa mzee mmoja wa kanisa letu. Jina lake sitalitaja, na mtaona kwa nini.

Vyoo vyetu vya nyuma ya kanisa vilikuwa safi miaka yote. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Mimi nilidhani ni kazi ya mlinzi wa lango. Mlinzi alidhani ni idara ya akina mama. Akina mama walidhani tumeajiri mtu. Jumapili moja tukafika, na vyoo vilikuwa katika hali ambayo sitaielezea, wengine mnasoma mkinywa chai. Tukaanza kuulizana, na hapo ndipo ukweli ukatoka: kila Jumamosi jioni, watu wakishatoka kwenye mazoezi ya kwaya, mzee mmoja alikuwa akiingia kwa lango la nyuma na brashi na ndoo, na sabuni aliyonunua kwa pesa yake. Wiki hiyo alikuwa amelazwa hospitalini kwa sababu ya mgongo.

Nilienda kumwona wadini. Nikamwambia kwa furaha kwamba Jumapili nitamtangaza madhabahuni, na kwamba tutamnunulia zawadi. Aliniangalia kwa muda. "Mchungaji, tafadhali usifanye hivyo. Ukinitangaza, Jumamosi itakayofuata nitakuwa nasafisha kwa ajili yako."

Nimemaliza chuo cha Biblia, nimehubiri mikutano ya injili mingi, lakini sijasikia maelezo ya Mathayo 6 yaliyo mafupi hivyo.

Ndipo nikaelewa habari za Dorkasi wa Yafa, yule wa Matendo 9, ambaye kwa miaka mingi nilimhubiri kama muujiza wa kufufuliwa tu. Biblia haisemi Dorkasi alisema neno lolote. Hakuna hotuba yake hata moja. Alipokufa, Petro akaitwa, na wajane wakamzunguka wakilia na kumwonyesha nguo alizowashonea alipokuwa hai. Walionyesha wao, waliovalishwa. Kwa hiari yao, kwa machozi yao. Ushuhuda wa huduma ni mali ya aliyehudumiwa. Akitaka kuutoa atautoa, na asipotaka ni haki yake. Mimi niliunyakua kwa kamera.

Kuna lingine linaloniuma, nitalisema kwa haraka. Tumewafundisha watu kutumika ili wapate. Fagia nyumba ya Mungu, utapata nyumba yako. Mhudumie mtu wa Mungu, mlango wa visa utafunguka. Mungu ni mwaminifu na hulipa, sina shaka. Lakini usiku ule wa Yohana 13, Yesu akiwa amejifunga taulo na beseni mbele yake, Yuda bado alikuwa ameketi pale. Alitoka baadaye. Maana yake miguu ya Yuda ilioshwa, na aliyeiosha alijua kabisa inakoenda usiku uleule. Malipo gani yalitarajiwa hapo? Kama huduma yako inahitaji kurudishiwa ndipo iendelee, basi unafanya biashara. Biashara si dhambi, lakini iite kwa jina lake.

Na kabla viongozi hawajaichukua posti hii kuwakandamiza watu nayo, naongeza: kutumikia si kutumiwa. Kijana anayepalilia shamba la mchungaji wiki nzima bila malipo huku mamake analala njaa hajapewa nafasi ya kutumika. Ameibiwa. Mwalimu wa Sunday school anayekopa nauli kila Jumapili wakati tumenunua spika mpya, hilo nalo tutaulizwa. Taulo Yesu alijifunga mwenyewe. Hakumfunga Petro kiunoni akamwambia ni wito.

Kwa hiyo katika kanisa letu tumekubaliana mambo, na wazee wametia sahihi. Misaada inapelekwa nyumbani, jioni, na watu wawili wanaofahamiana na familia hiyo. Simu zinabaki mfukoni. Bango limekatwa, sasa linafunika kuni za jikoni, na uso wangu umeelekea chini. Hesabu zinasomwa kila mwisho wa mwezi, bila majina ya waliopokea. Tangu tuanze, ukurasa wetu umepoa kidogo, sitawadanganya. Mfadhili mmoja alitaka picha za nyuso, tukamtumia risiti, akanyamaza. Bado hajajibu.

Mzee anaendelea vizuri, namshukuru Mungu, ila daktari amemkataza kuinama. Kwa hiyo vyoo vya nyuma vinahitaji watu, Jumamosi saa kumi na mbili jioni, kwaya ikishatoka. Ufunguo uko kwa mlinzi. Sabuni ipo. Brashi ni mbili, na moja nimeshaichukua mimi.